Je, Wajua? Bunduki Kongwe Ina Maandishi, Usiyafute

Je, wajua kwamba Masoko, hapa Rungwe, kule kwenye ziwa la Kisiba, palikuwa na kambi ya kombania nzima ya jeshi la Wajerumani? Ilikuwa Kombania ya 5 ya Schutztruppe, na Tukuyu yenyewe wakati huo iliitwa Neu Langenburg. Tarehe 9 Septemba 1914 askari wa upande huu walivuka mpaka wakaishambulia Karonga, wakashindwa na kurudishwa nyuma. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey likapanda kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg. Ndani ya miaka miwili bunduki za Wajerumani na za Waingereza zilipita kwenye njia hizi hizi tunazopita na ndizi na chai. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha Nkunga akibomoa nyumba ya kale ya ukoo, akakuta darini chuma kirefu kilichovimba kutu na kipande cha mti kilichotobolewa na wadudu, ana sababu ya kukitazama vizuri kabla muuza chuma chakavu hajakipima kwenye mizani.

Wenyeji wa Masoko husimulia kwamba Wajerumani walipoondoka walitupa mali na silaha ndani ya Kisiba. Ziwa hilo limo kwenye kreta ya volkano, lina kina cha zaidi ya mita 35, na tope la chini yake limewapa watafiti kumbukumbu ya hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka. Tope lisilo na hewa ya oksijeni huhifadhi chuma kuliko dari lenye unyevu. Bunduki ya ziwani, kama ipo, ina nafuu kuliko ya nyumbani.

Je, wajua kwamba bunduki ikiwa kongwe haigeuki kuwa pambo la ukutani? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na aliyeokota atoe taarifa polisi. Usiifunge kwenye gunia na kuipeleka kituoni kwa bodaboda. Iache pale pale, mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi, wao waje waione ilipo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu bila adhabu, na Tanzania imewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo kwa miezi ya Septemba na Oktoba. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu kazi ya kuisafisha bunduki inaanza na karatasi. Yanayofuata ni kwa aliye na kibali, kwa mtunza makumbusho, na pia kwa aliyerithi singe au mkuki wa babu, maana kutu ni ile ile.

Baruti nyeusi ya karne iliyopita ikikaa pakavu huwa bado hai. Wajua hilo? Mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti hauozi kwa umri. Unaharibiwa na maji tu. Baruti isiyo na moshi iliyokuja baadaye ndiyo huoza polepole, ikitoa mvuke wa tindikali unaokula ganda la shaba kutoka ndani. Zote mbili ni hatari. Bunduki iliyokaa miaka 100 na risasi ndani ya chemba ni bunduki iliyojaa, na bolti iliyoganda kwa kutu haikuruhusu uchungulie. Hapo ni kazi ya fundi wa silaha wa jeshi au polisi. Nyundo na bisibisi vikae mbali.

Sasa tuje kwenye kuitambua. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Je, wajua kwamba askari wengi wa Wajerumani hapa kwetu waliingia vitani mwaka 1914 na bunduki iliyobuniwa miaka 43 kabla? Ni Mauser ya mfano wa 1871, kazi ya ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser. Mtutu wake una kipenyo cha milimita 11, kidole cha mtoto kinaingia. Haina magazini: unatia risasi moja, unapiga, unafungua bolti, unatia nyingine. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na uzito wa gramu 25, zaidi ya maradufu ya kile cha Mauser ya 1898. Tatizo kubwa lilikuwa moshi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe juu ya kichwa cha askari, na adui alilenga pale pale. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alililalamikia jambo hili sana, na alikuwa na haki: kombania chache tu ndizo zilizokuwa na bunduki za kisasa vita ilipoanza.

Ukiigeuza na kuitazama ubavuni, upande wa kushoto wa chuma kinachobeba bolti, utaona maandishi ya Kigothi yaliyogongwa: I.G.Mod.71. Bunduki ya 1898 nayo huandikwa Gew. 98 upande huo huo, magazini yake inabeba risasi 5 za milimita 7.92, na ina urefu wa mita 1.25. Lee-Enfield ya Mwingereza ni fupi, mita 1.13 hivi, na magazini ya risasi 10 inatokeza chini mbele ya kifyatulio. Alama zake ziko upande wa kulia, pale chuma kinapokutana na kitako: taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Neno likiwa Enfield, imetoka Uingereza. Likiwa Ishapore, imetoka India. Lithgow ni Australia. Ukikuta bunduki isiyo na bolti kabisa, yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio unaovutwa ili kuifungua, huenda ni Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871.

Alama hizi hugongwa kwa kina kidogo sana. Pitisha msasa mara tatu nne, taji limekwenda. Pitisha grenda mara moja, hata kiwanda hakijulikani tena. Bunduki iliyong'arishwa mpaka ukajiona uso inaweza kumfurahisha mgeni wa sebuleni, lakini mtu wa historia hana la kuisoma. Ndiyo maana nasisitiza: lengo ni kuizuia kutu isiendelee, basi. Kuirudishia ujana ni kuiharibu.

Je, wajua kwamba Mauser ya 1898 ina namba hata kwenye skrubu? Tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki hugongwa kwenye vipande vidogo, skrubu zikiwamo. Fundi akiwa na bunduki mbili mezani na kuchanganya skrubu zake, amevunja ushahidi wa kwamba vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja. Chukua trei ya mayai, kila kishimo kipande chake, na upige picha kabla ya kufungua chochote. Bisibisi yenye ncha isiyolingana na mfereji wa skrubu huukwangua mfereji huo. Inoe bisibisi hadi ikae sawasawa.

Si kila chuma cheupe kimepoteza rangi. Kwenye Mauser ya 1898 kiwanda chenyewe kiliacha chuma kinachobeba bolti kikiwa cheupe, na mtutu ukatiwa weusi. Anayeipaka yote rangi nyeusi akidhani anarudisha asili ametengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kutu ya Rungwe ina mazingira yake. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, huvuta ukungu hata siku isiyo na mvua. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi hewa inapopita kiasi cha asilimia 60 ya unyevu. Sisi tunaishi juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Kutu ikishaingia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo sababu bolti hukwama: imebanwa na kutu yake yenyewe. Kuipiga nyundo ni kuipasua. Dawa ni mafuta mepesi na subira. Mafuta ya kupenyeza yanayouzwa dukani kwa vipuri yanafaa. Wengine huchanganya mafuta ya taa na oili safi. Unapaka, unaacha siku kadhaa, unapaka tena, unajaribu kwa mkono tu.

Je, wajua kwamba maji yanayochemka yanaweza kuokoa chuma chenye kutu? Wengi hawaamini mpaka waone. Kutu nyekundu ikichemshwa ndani ya maji safi kwa nusu saa hivi hugeuka polepole kuwa oksaidi nyeusi, magnetaiti, ambayo hushikamana na chuma na kukilinda. Kipande kinaingia sufuriani kikiwa na rangi ya matofali, kinatoka cheusi kama mahameli. Unga mweusi wa juu unafutwa kwa stilwaya laini kabisa yenye mafuta, na chini yake unabaki weusi tulivu, alama za kiwanda zikiwa salama. Njia hii ni ya ukoo mmoja na ile ya mafundi wa zamani waliotia mitutu weusi kwa kuishikisha kutu kidogo na kuichemsha, tena na tena. Maji yawe hayana chumvi wala klorini, na hapa tumebarikiwa: maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza yanatosha. Mti na chuma vitenganishwe kabla, kitako hakichemshwi.

Wako wanaotumia umeme. Chombo cha plastiki, maji, magadi, chaja ya betri, kipande cha chuma chakavu upande wa pili, na kutu inabanduka kwa mapovu. Magadi yale yale ya kulainishia maharage yanapitisha umeme vizuri. Hata hivyo siipendi njia hii kwa bunduki. Magadi ya sokoni huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi hiyo ikibaki kwenye vitundu vya chuma huzaa kutu mpya. Umeme huondoa weusi wa asili pamoja na kutu. Springi huingiwa na haidrojeni na kuwa rahisi kukatika. Hewa inayotoka ni haidrojeni, inawaka. Na usitumie kamwe kijiko wala sahani ya chuma kisichoshika kutu upande wa pili, kwa sababu hutoa kromu yenye sumu majini.

Siki na soda ya kola nazo hutoa kutu, kweli. Hutoa na weusi wa kiwanda kwa mkupuo huo huo.

Je, wajua kwamba bunduki za zamani zilisafishwa ndani kwa maji moto, si kwa mafuta peke yake? Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa. Fataki za risasi za vita ile nazo ziliacha chumvi ya potasiamu ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi; maji moto huyeyusha. Askari aliyemimina birika la maji ya moto mtutuni, akakausha kwa kitambaa, kisha akapaka mafuta, bunduki yake ilidumu. Anayesafisha leo afuate mpango huo huo.

Mti wa kitako mara nyingi ni wa jozi, mti wa Ulaya. Wajerumani vita ilipowabana wakatumia na miti mingine. Hautaki vanishi. Vanishi hufunga unyevu ndani na hubanduka kama ngozi. Mafuta ya kitani yaliyopakwa kwa kiganja, kidogo sana, yakaachwa yakauke siku nyingi kabla ya kurudia, ndiyo yaliyotumiwa tangu zamani. Kitambaa chenye mafuta hayo usikikunje na kukitupa pembeni: kikikauka hujipasha joto na kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike nje kikiwa wazi. Mti ulionyonya oili nyeusi kwa miaka hupakwa unga wa chokaa nyeupe, ile ya kuandikia ubaoni ikisagwa, ukawekwa juani. Unga unavuta oili.

Palipobonyea pananyanyuka kwa mvuke: kitambaa cha pamba kilicholowa, pasi ya moto juu yake, nyuzi za mti zinavimba na kurudi. Lakini jiulize kwanza kama hapo palipobonyea paondolewe. Mkwaruzo wa ukanda begani, namba iliyochongwa kwa kisu, alama ya singe: hizo ndizo saini za mtu aliyeibeba, na pengine hana saini nyingine yoyote duniani. Mimi ningeziacha.

Wadudu wakiwamo ndani ya mti, makumbusho huutenga na chuma, huufunga ndani ya plastiki na kuugandisha kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au mbili. Dawa za kupulizia huacha madoa.

Je, wajua kwamba ala ya ngozi huua bunduki? Ngozi ina tindikali ya kutengenezea na hunyonya unyevu. Gunia pia halifai, na kuegemeza chuma kwenye ukuta wa matofali yenye baridi ni kukiita umande kila alfajiri. Ilazwe pakavu, hewa ipite, ikiwa na safu nyembamba ya nta. Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London ndilo lililobuni nta maalumu kwa kazi hii katikati ya karne ya 20. Mwenye kuishika avae glavu za pamba; jasho la kidole ni chumvi, na alama ya kidole huota kutu yenye umbo la kidole kile kile.

Wanyakyusa hawakuyeyusha chuma wao wenyewe. Majembe na mikuki ilishuka kutoka kwa Wakinga wa milimani, mafundi hodari wa tanuri, ikabadilishwa kwa chakula. Mkuki wa Kikinga unastahili uangalifu ule ule niliouandika hapa, na kwangu mimi unastahili zaidi, kwa kuwa Mauser ziko maelfu duniani na tanuri za Wakinga zimezimika.

Je, wajua kwamba ukarabati mkubwa wa silaha uliwahi kufanyika hapa nchini katikati ya vita? Tarehe 14 Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki na risasi. Ikapigwa mizinga na meli ya Waingereza, Hyacinth, ikazama kwenye maji mafupi. Wajerumani waliitoa shehena hiyo majini, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa kwa mkono: kichwa kikatolewa, baruti ikaanikwa, ganda likasafishwa, zikafungwa tena. Mwezi Julai mwaka ule ule meli ya kivita Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji, mizinga yake 10 ilitolewa na kupelekwa karakana za reli Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu ikapigana nchi kavu. Mmoja wake unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Kazi hizo zote zilibebwa na mabega ya wapagazi, ambao namba zao hakuna aliyezigonga kwenye chuma.

Wakati huo silaha zilibadilisha wenyewe kwa kasi. Kwenye vita ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota bunduki zaidi ya 400, bombomu 16 na risasi kama 600,000 zilizoachwa na Waingereza. Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, wakaishinda ngome ya Wareno Ngomano na kujiongezea silaha nyingine. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo ukikuta Lee-Enfield ndani ya Rungwe, usikimbilie kusema iliachwa na Mwingereza. Huenda ilibebwa na askari wa Mjerumani. Andika ilipookotwa, nani aliihifadhi, wazee wa nyumba wanasemaje; habari hizo haziko kwenye chuma na zikipotea hazichemshwi zikarudi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kwa kipimo cha kutengenezwa kabla ya mwaka 1863? Mauser ya 1871 inakosa kwa miaka 8. Bunduki iliyopigana Karonga na Tanga haipati ulinzi huo yenyewe, mpaka mamlaka iamue kuitaja. Naona mstari huo ulichorwa mbali mno na vita iliyobadilisha maisha ya babu zetu, na ungefaa kusogezwa.

Iringa wameshaonyesha njia: boma lao la Kijerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, na jirani yake, Kalenga, kuna makumbusho ya Mkwawa, ambaye wapiganaji wake waliteka bunduki kama 300 za Wajerumani kule Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Tukuyu boma tunalo, kuta zake bado zimesimama na ofisi za serikali zimo ndani. Chumba kimoja kikavu kingetosha: Mauser ya 71 iliyozimwa na mafundi wa polisi isiweze kufyatua, Lee-Enfield pembeni yake, mkuki wa Kikinga katikati, na kwenye kadi ya kila kimoja jina la kijiji kilipotoka, Nkunga ikiwamo.